Uzoefu wangu: kuishi na familia Granada, wiki za mwanzo

Kama unakwenda Hispania kusoma lugha na unaweza kuchagua kati ya hosteli, chumba cha kupanga na nyumba ya familia, nakushauri uanze na familia. Niko Granada tangu mwishoni mwa Januari, na raha yake nimeiona na kero zake pia. Jambo moja ulijue mapema: mkataba unakuuzia kitanda na sahani ya chakula, lakini faida yenyewe iko kwenye mazungumzo ya mezani, na hayo hayajaandikwa popote.

Mimi ni mwongoza watalii Zanzibar. Wageni wa Kihispania tunawapata, ila sisi tunaoweza kuwazungusha Mji Mkongwe kwa lugha yao ni wachache, ndiyo maana nimejikusanya nikaja kusoma miezi tisa. Darasa liko kituo cha lugha cha Chuo Kikuu cha Granada, mtaa wa Realejo. Familia nilitafutiwa na kampuni ya uwakala: chumba cha peke yangu, kifungua kinywa na chakula cha usiku, nguo kufuliwa mara moja kwa wiki, kwa karibu euro 200 kila wiki. Nyumba iko Zaidín, mtaa wa watu wa kawaida kusini mwa mji, nusu saa kwa miguu mpaka darasani. Wenyeji wangu ni mzee na mkewe, wote wastaafu. Binti yao anakaa jirani na watoto wake.

Nianze na chakula, maana hapo ndipo uwakala uliponiangusha. Kwenye fomu niliandika wazi kwamba mimi ni Muislamu, sili nguruwe, na nyama nyingine iwe ya halali. Mama mwenye nyumba alichoambiwa ni kwamba mgeni wake hali nyama. Ukiwa mbali utaona ni yale yale. Lakini katika majiko mengi ya huku, vipande vya jamón, yaani paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, ndani ya supu au maharage huchukuliwa kama kiungo tu. Usiku wa kwanza nilipakuliwa dengu. Soseji za chorizo, ambazo ni za nguruwe, mama alikuwa ameziopoa zote, moja moja, lakini mchuzi ulikuwa umebaki mwekundu kwa mafuta yake. Nilipomweleza, yeye ndiye aliyeumia kuliko mimi.

Kesho yake asubuhi alivaa miwani akatoa kila kitu kabatini na kusoma maandishi ya nyuma: vidonge vya supu, krokete za kwenye friza, hata polvorón zilizobaki za Krismasi, vile vibiskuti vinavyomeng'enyeka mdomoni, ambavyo hutengenezwa kwa mafuta ya nguruwe. Vya kwangu akaviweka rafu ya juu. Kikaango kimoja akakifunga utepe wa kijani mkononi kiwe changu peke yangu. Sijamwomba lolote katika hayo. Kuku na nyama ya ng'ombe siku hizi ananunua bucha ya Wamoroko, na tortilla ya viazi anaipika karibu kila wiki. Ile ni ndugu wa chipsi mayai, ila viazi vyake huivishwa taratibu ndani ya mafuta ya zeituni mpaka vilainike kabisa.

Wakala niliwaandikia. Walijibu kwa kuchelewa, wakaomba radhi, basi. Kwa hiyo usiiachie fomu peke yake: omba namba ya mwenyeji kabla hujasafiri, umwandikie mwenyewe kwamba huli cerdo (nguruwe), wala jamón, wala manteca (mafuta ya nguruwe). Taja vyote vitatu.

Baridi nayo ina sura yake. Granada iko kama mita 700 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Sierra Nevada, na theluji unaiona ukiwa barabarani. Usiku wa Januari na Februari unakaribia sifuri. Nyumba ina sakafu ya marumaru, na mimi kwa mazoea nilivua viatu mlangoni nikaingia miguu mitupu. Mama hakulikubali hilo hata kidogo. Alininunulia sapatu za sufu siku ileile. Umeme una bei tofauti kwa saa: nafuu ni kuanzia saa sita usiku hadi saa mbili asubuhi, na wikendi nzima. Hivyo mashine ya nguo huwashwa Jumamosi, na hita ya chumbani haiwashwi ovyo. Maji ya moto yanategemea mtungi wa gesi wa rangi ya chungwa, kwa hiyo kuoga ni haraka haraka.

Joto la nyumba liko sebuleni, kwenye mesa camilla. Ni meza ya duara iliyofunikwa kitambaa kizito mpaka chini, na huko chini imewekwa hita ndogo ya umeme. Unaingiza miguu, unajifunika kitambaa mapajani, na huondoki tena. Hapo ndipo ninapojifunza Kihispania. Mwalimu darasani anatamka kila herufi. Wenyeji wangu wanameza za mwisho, hasa s, na wiki za mwanzo nilikuwa nashika neno moja moja. Chakula kikiisha hakuna anayenyanyuka. Mzee anauliza nimesoma nini, ananisahihisha vitenzi, anarudia sentensi polepole, kisha anaingia kwenye habari za bei ya mafuta ya zeituni. Mama alitaka nimwite kwa jina tupu, kama rika langu. Mtu wa makamo ya mama yangu? Mdomo haukufunguka, nikabaki na señora, na ameniacha hivyo.

Ramadhani ilitukuta katikati ya Februari. Jua lilikuwa linazama karibu saa moja jioni, na chakula cha nyumba ile ni saa tatu na nusu usiku. Mkataba ulisema nitakula kwa ratiba ya familia, kwa hiyo nilijiandaa kujitegemea. Jioni ya kwanza nilikuta sahani imefunikwa kwa sahani nyingine, tende pembeni, na mzee amekaa na kikombe chake cha kahawa akiangalia saa ya simu aniambie wakati umefika. Akaendelea hivyo mwezi mzima. Tarawehe nilipanda kwa kibasi mpaka Albaicín, mtaa wa kale wa kilimani, kwenye Msikiti Mkuu wa Granada uliofunguliwa mwaka 2003, ambao unatazamana na Alhambra, ngome ya kale ya wafalme Waislamu, ng'ambo ya bonde.

Kuna masharti pia: hakuna kuleta wageni, jikoni napika kwa ruhusa, na mchana baada ya kula nyumba yote inatakiwa kimya. Kwangu hayana tabu. Lililo muhimu zaidi ni karatasi. Visa ikizidi miezi sita, una mwezi mmoja tangu kuingia wa kuomba kitambulisho cha mgeni, TIE, na mimi nilitakiwa kuonyesha cheti cha kuandikishwa manispaa kwenye anwani ninayoishi. Wenyeji wangu walikubali na mama alinisindikiza. Baadhi ya wanafunzi darasani wenyeji wao walikataa, wakahangaika. Uliza hilo kabla hujalipa.

Muda niliolipia unaisha mwisho wa Machi, na nimeshalipia tena mpaka Juni. Safari hii nimechukua kifungua kinywa na chakula cha mchana badala ya cha usiku. Mlo mkubwa wa Wahispania ni ule wa saa nane au saa tisa mchana. Usiku wanagusagusa tu. Darasa langu linaisha mapema kiasi cha kuuwahi, na huo ndio wakati binti na wajukuu wanapofika na wote kuongea kwa pamoja.