Gaggia Classic kama msingi wa mashine ya espresso ya kujiundia: chuma kizuri, ila anza na joto

Anayetaka kujiundia mashine ya espresso nyumbani ana njia mbili. Anaweza kukusanya kipande kimoja kimoja: boila, kichwa cha kutolea kahawa, pampu, valvu, fremu. Njia hii inavutia, lakini boila na kichwa ndivyo vinavyokula hela, na kuvifunga vikahimili bari 9 (kipimo cha presha) bila kuvuja ni kazi ya fundi mwenye mashine ya kuchongea vyuma. Njia nyingine ni kuchukua mashine rahisi inayofunguka yote kwa bisibisi na spana, kisha kuijenga upya kwa ndani. Kwa njia hii ya pili, Gaggia Classic ndiyo ya kuanzia.

Imekuwa sokoni tangu 1991, na umbile lake la ndani halijabadilika sana: boila ndogo ya alumini ya takriban mililita 100 yenye hita zake ubavuni, pampu ya Ulka ya mtetemo, valvu ya sumaku ya njia tatu inayoachia presha kahawa ikikatwa, na mkono wa kushikia kikapu cha kahawa wa milimita 58, kipimo kilekile cha mashine nyingi za mikahawani. Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu vikapu, vishindilio na mipira yake hupatikana kokote.

Chagua toleo kwa makini. Yale yaliyouzwa kuanzia 2015 hadi Classic Pro ilipotoka 2019 yalibadilishwa boila na kuondolewa valvu ya njia tatu. Usijenge juu ya hilo. Chukua la zamani la kabla ya 2015, au Pro na yaliyofuata. Na kama ndugu anakuletea kutoka Marekani, soma kibandiko cha chini kwanza. Mashine ya volti 120 ikichomekwa kwenye volti 240 za Kenya au 230 za Tanzania, hita yake huvuta takriban mara nne ya nguvu iliyopangiwa, na inaungua papo hapo. Transfoma ya kubeba mzigo huo ni nzito na ghali. Tafuta ya Ulaya au Uingereza, yaishe.

Kazi ya kwanza ni springi ya valvu ya kupunguza presha. Pampu ya Ulka ina uwezo wa bari 15, na Classic Pro za mwanzo hutoka kiwandani zikisukuma juu sana ya 9. Matokeo yake maji hutoboa njia kwenye kahawa iliyoshindiliwa, upande mmoja ukachujwa kupita kiasi na mwingine ukabaki mbichi. Springi ya bari 9 ni kipande cha bei ndogo na hubadilishwa kwa dakika chache. Toleo la zamani halihitaji hata springi, linazungushwa kwa ufunguo wa pembe sita. Pima kwa geji iliyofungwa kwenye mkono: geji ikiwa imeziba kabisa husoma juu kidogo kuliko kahawa inapotiririka, kwa hiyo 10 kwenye geji ni sawa.

Sasa joto, ambako ndiko udhaifu mkubwa wa mashine hii uliko na ndiko hela yako iende kwanza. Kiwandani joto husimamiwa na themostati ya kubofya ya nyuzi 107. Huwasha hita boila ikipoa na kuzima ikipanda, na kati ya hapo joto hupanda na kushuka kwa nyuzi nyingi. Kikombe kimoja huwa kichungu, kinachofuata kichachu, na kahawa ni ileile. Dawa yake ni kidhibiti cha PID (cha elektroniki, kinachopima joto na kugawa nguvu ya hita kidogo kidogo), kihisi joto cha aina ya K chenye skrubu ya M4, na SSR, yaani rilei ya elektroniki ya kuwasha na kuzima hita. Kihisi kinaingia kwenye tundu la themostati iliyotolewa, na SSR inachukua nafasi yake kwenye nyaya. Kaza kwa vidole kisha robo mzunguko tu. Uzi wa alumini ukichanika, boila imekwisha.

Kidhibiti cha bei nafuu kinachotumiwa sana ni REX-C100, na hapo ndipo wengi hunaswa. Kina matoleo mawili: lenye herufi V kwenye namba yake hutoa volti za kuwasha SSR, na lenye M lina rilei ya kubofya ndani. Kuna vinavyouzwa vikiwa na V kwenye kibandiko lakini ndani ni M. Ukisikia kikibofya, kirudishe. Thibitisha kwa malta (kifaa cha kupimia umeme) upande wa DC kabla ya kuunganisha lolote, kisha weka mzunguko wa kuwasha na kuzima SSR kwenye sekunde 2. Kikiachwa kwenye mzunguko mrefu, boila ndogo hivi hupitiliza joto.

Chunguza pia kinachotokea kahawa inapotoka. Gramu 18 za unga zikitoa gramu 36 za kahawa kwa sekunde 28, maji hupita kama gramu 1.3 kwa sekunde. Kuyapandisha kutoka nyuzi 25 hadi 93 kunadai takriban wati 370 mfululizo. Hita inaziweza bila shida, ila PID husubiri joto lishuke ndipo iitike, na kwenye boila ya mililita 100 hapo imeshachelewa. Ndiyo maana vidhibiti vya kujiandikia programu ni bora kuliko REX: unaviamuru viongeze kiasi hicho cha nguvu pampu inapowaka tu. Kwa REX, njia ya mkono ni kuwasha hita kwa swichi ya mvuke sekunde chache kabla ya kuvuta kahawa. Inasaidia, lakini haifanani kila siku.

Namba kwenye kidhibiti si joto la maji ya kahawa. Kwa kawaida huanzia nyuzi 103 hadi 106 kwenye boila ili kupata 93 hivi kwenye unga. Kipimo cha kutoa maji kwenye kikombe kisichopoteza joto na kuyapima kwa kipimajoto hufaa Dar au Mombasa. Nairobi hakifai kwa joto la juu: kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800 maji huchemka kama nyuzi 94, hivyo yakitoka hewani hugeuka mvuke na kipimajoto hakipandi zaidi. Huko rekebisha kwa ulimi, nyuzi moja moja. Uachie mkono wa mashine dakika 20 upate moto. Kidhibiti kitaonyesha 105 mapema sana, chuma kizito cha kichwa kikiwa bado baridi.

Usalama haupunguzwi bei. SSR ikifa, mara nyingi hufa ikiwa imefunga, maana yake hita inabaki inawaka. Kwa hiyo usiondoe kamwe themostati ya mvuke ya nyuzi 145 wala fyuzi ya joto kwenye mstari wa hita. Ndizo zitakazokata. SSR za bandia zimejaa sokoni, kwa hiyo nunua ya ampea 40 hata kama mzigo wako ni 6, na uifunge kwenye bati la fremu kwa mafuta ya kupitishia joto, mbali na boila. Tumia waya wa silikoni wa 1.5 mm² na vishikio vya kubana, si vya kuchomelea kwa risasi. Waya wa athi urudi kwenye fremu na boila, na soketi iwe na kikatizi cha miliampea 30 kinachokata umeme ukivuja. Chomoa plagi kabla ya kufungua, swichi peke yake haitoshi.

Mradi wa Gaggiuino, wa kujiongezea udhibiti wa programu kwenye Gaggia, unapeleka mambo mbele zaidi: kihisi cha presha cha bari 0 hadi 12, kidhibiti cha pampu na skrini. Pampu ya mtetemo hupiga mara 50 kwa sekunde kwenye umeme wetu, na programu huruka baadhi ya mapigo ili kushusha presha. Faida ni ya kweli kwa kahawa zilizokaangwa kidogo za Nyeri au Kilimanjaro, ambazo unga wake mgumu hupenda kulowanishwa kwa bari 2 au 3 kabla ya kusukumwa. Kihisi kikae upande wa baridi, kati ya pampu na boila, na mpira wake uwe mfupi. Hewa ikibaki humo, usomaji huchelewa. Skrini ikiganda kila valvu inapozima, sababu ni mrushuko wa umeme kutoka koili ya valvu. Weka kizuia mrushuko cha RC (kipinga na kapasita) sambamba nayo.

Mizani ya chini ya kikombe inaweza kusubiri. Maji hayasubiri: ya visima vya Unguja yanayopita kwenye mawe ya chokaa huziba boila haraka, na tindikali kali ya kuondolea chokaa hiyo hula alumini. Tumia maji yaliyotoneshwa (distilled) yenye gramu 0.1 ya potasiamu baikaboneti kwa lita.

Kwa bajeti ndogo: Classic ya zamani, springi, PID, na hela inayobaki yote kwenye mashine nzuri ya kusagia. Gaggiuino iongezwe baadaye. Mwenye uwezo aangalie E24, toleo la Classic la 2024, yenye boila ya shaba ya njano, inayoshikilia joto kuliko alumini. Asiyewahi kushika malta amwite fundi umeme kwa upande wa volti 230, na afanye mwenyewe upande wa maji.