TAHADHARI: Unatafuta gari Kigoma? Muogope huyu wa "njoo na fundi wako"

Ndugu zangu wa Kigoma, Ujiji, Kasulu mpaka Buhigwe, naandika hapa nikiwa na hasira, na aibu pia ninayo, lakini bora niaibike mimi kuliko mwingine alizwe. Kuna mtu pale Mwanga anauza na kubadilishana magari. Jina lake naliweka pembeni kwa sababu jalada limeshafunguliwa polisi, ila mwenyewe anajijua, na wengine mtamjua kabla sijamaliza.

Nilikuwa na IST, ile Toyota ndogo. Mke wangu alishasema hapandi tena watoto wakiwa wamebanana nyuma, kwa hiyo nikawa natafuta Noah ya zamani, ile Toyota ya viti vingi yenye injini chini ya viti vya mbele. Tangazo la huyu bwana lilikuwa tamu: Noah ya namba za usajili za herufi D, kadi ya umiliki orijino, injini haijaguswa, AC inapuliza, ni kuweka mafuta na kuondoka, NJOO NA FUNDI WAKO UKAGUE. Sasa niambieni, mwenye gari bovu anakwambia uje na fundi?

Nimefika nimekuta gari inaunguruma. Anasema ndiyo kwanza karudi kumpeleka mama yake hospitali. Tukasalimiana kwa Kiha, akajua nimeoa Ujiji, kuanzia hapo ikawa shemeji, shemeji. "Shemeji, hii gari ningekuwa nayo mpaka nazikwa, ni ada za watoto tu." Adhana ya Alasiri ikatoka, akaniomba radhi, akaniwekea ufunguo mkononi, akaingia msikitini. Ufunguo, jamani! Mtu mnayeonana mara ya kwanza anakuachia gari yake anakwenda kuswali, utamshuku kwa lipi? Hapo hata fundi wangu aliniambia, bosi huyu ni mtu.

Aliporudi nikaendesha mwenyewe, yeye kakaa pembeni, fundi nyuma. Tukashika barabara ya Ujiji. Usukani mwepesi, breki zinashika, gia zinaingia bila kushtuka. Nikashusha kioo nisikilize injini, ikatulia tuli. AC ilikuwa baridi mpaka fundi kule nyuma akajikunyata. Karibu na makumbusho ya Livingstone tukasimama, fundi akaingia chini, hakuna hata tone la oili. Akanyanyua kiti, injini imeoshwa inang'aa. Akanyoosha mkono kwenye mfuniko wa rejeta, jamaa akaudaka ule mkono: "Dogo, hiyo ya moto, itakubabua uso." Na ni kweli, rejeta ya moto haifunguliwi, maji yana presha, yanaruka usoni. Fundi akarudisha kiti. Hiyo ndiyo akili ya yule mtu, anakudanganya kwa jambo la kweli.

Nikamwambia tupande nayo mpaka Mwandiga, kule kuna milima niisikie inavyovuta. Akasema mafuta yameshuka, halafu kuna mteja anatoka Kasulu yuko njiani. Hajamaliza sentensi simu ikaita. Akaongea kwa sauti, "Njoo na hela yote, sitaki maneno." Leo naapa yule wa kwenye simu ni mwenzake.

Tukakubaliana nimpe IST na milioni nne na nusu juu. Tukaandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, mashahidi wapo, akaniombea na dua ya safari.

Siku nimewapakia watoto kuwapeleka kwa bibi yao Buhigwe, barabara ya Manyovu, milima imeanza tu, AC ikageuka ikaanza kupuliza moto. Ikaja harufu tamutamu, kama ya pipi inayoungua. Mke wangu akapiga kelele, mvuke unatoka miguuni mwake, chini ya kiti! Mdogo alikuwa amelala mapajani mwake. Nimezima, nimewatoa watoto mmoja mmoja, mwingine viatu vimebaki ndani, tumesimama kwenye majani mpaka lori la mkaa lilipotuhurumia. Ule mfuniko aliokataa usifunguliwe ungeweza kumwagia maji ya moto mwanangu. Nikifikiria hilo silali.

Fundi wa Gungu aliifungua ikiwa imepoa. Maji ya rejeta rangi ya kutu, yamejaa chembe za dawa ya kuziba mavujo. Thamostati, ile inayozuia na kuruhusu maji ya kupoza injini, haipo, imetolewa. Feni imeungwa waya moja kwa moja, inazunguka muda wote, ndiyo maana kwenye tambarare haichemshi. Oili imechanganyika na maji, imekuwa nyeupe. Gasketi ya silinda hedi, inayozuia maji na oili visichanganyike, imekufa, na silinda hedi yenyewe, yaani kichwa cha injini, imepinda. Halafu kanionyesha kitu kingine: ukiwasha swichi kabla ya kupiga stata, taa ya injini lazima iwake kwenye dashibodi, kisha izime injini ikishawaka. Ya kwetu haiwaki kabisa, balbu imeng'olewa. Sasa niambieni, huyo hakujua?

Huyu mtu afungwe. Mdogo wangu anayesoma sheria kaniambia kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa la jinai, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 302, kifungo mpaka miaka saba. Mimi naona hata hiyo saba haitoshi kwa mtu anayechezea roho za watoto. Na madalali wanaokula naye chai pale kila asubuhi wanamjua vizuri, nao wahojiwe, maana mmoja wao ndiye aliyenisindikiza. Simu zangu hapokei. Nikipiga kwa namba ngeni akisikia sauti anakata.

Mnaokwenda kuangalia gari, kwake au kwa mwingine: mwambieni isiwashwe mpaka mfike, gusa injini, ikiwa ya moto ondoka urudi kesho asubuhi. Rejeta ifunguliwe ikiwa baridi. Ipandisheni mlima, akikataa mlima basi. Na kadi ya Noah alinionyesha kopi tu, yenye jina la mtu wa Dar, akisema orijino inakuja kwa basi. Haijaja hadi leo.

Nimeambiwa IST yangu imeonekana Tabora, inatafutiwa mteja. Ni ya rangi ya silva, mlango wa nyuma kushoto una mkwaruzo mrefu, kioo cha nyuma kina alama ya stika iliyobanduliwa. Kadi yake orijino ninayo mimi, tulikubaliana tukabidhiane kadi siku ile ya Noah itakapofika, na hati ya kuhamisha umiliki sijasaini. Atakayeuziwa ataibiwa kama mimi. Ndugu zangu wa Tabora, Urambo na Kaliua, mkiiona msilipe hata mia, toeni taarifa kituo cha polisi cha karibu.