Tahadhari kwa wenye magari ya zamani Mwanza: tunauziwa valvu zetu wenyewe

Ndugu zangu wa Mwanza na wilaya za jirani, naandika nikiwa na uchungu, kwa sababu mwezi uliopita niliuziwa kipuri changu mwenyewe kwa shilingi 180,000 katika duka moja la vipuri upande wa Nyakato, lenye gereji ndogo nyuma yake. Tangu nianze kuulizia nimewapata wenzangu wawili waliofanyiwa vivyo hivyo. Mmoja anatoka Sengerema, na gari lake lilimzimikia usiku katikati ya Daraja la J. P. Magufuli, ambalo lina urefu wa kilomita 3, akiwa na watoto ndani.

Gari langu ni Toyota Corolla ya miaka ya 1990. Likishapata moto, sailensi, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, haikutulia: mshale wa mizunguko kwa dakika ulipanda hadi 1,800, ukashuka hadi 1,000, ukapanda tena, kana kwamba mtu anakanyaga mafuta na kuachia, ilhali mguu wangu uko pembeni. Kwa injini kama hii sailensi inatakiwa kuwa kati ya 700 na 800. Muuzaji alifungua boneti, na bila kugusa hata hozi moja akasema valvu ya sailensi, ile inayopima hewa ya injini mguu ukiwa nje ya pedeli, imekufa. Aliniomba nikakae dukani wakati kijana wake anafunga mpya, na nilipotaka nipewe ile ya zamani nikajibiwa kwamba watu wa vyuma chakavu wameshaichukua. Sailensi ilikuwa imetulia, nikalipa. Asubuhi yake gari lilizima mara tatu kabla sijatoka getini.

Mzee mmoja fundi wa Igoma, Mungu ampe afya, alianza kwa kuangalia maji ya rejeta, kwa kuwa yakipungua sensa ya joto husoma vibaya na sailensi ikayumba. Yalikuwa yamejaa. Ndipo akachukua koleo, akawa anabana hozi za vakyumu, mipira ambayo injini huivuta hewa yake, moja baada ya nyingine huku injini inaunguruma, na alipofikia nyembamba iliyo nyuma ya manifodi, bomba linalogawa hewa kwenye injini, mlio ukashuka papo hapo. Aliichomoa na kuikunja mbele yangu: kwenye kona palikuwa na ufa wa urefu wa ukucha, usioonekana hozi ikiwa imenyooka. Alinieleza kwamba hewa inayoingia hapo huupandisha mzunguko, kompyuta ikiona uko juu wakati pedeli haijakanyagwa hukata mafuta, mzunguko huanguka, mafuta hurudishwa, na mchezo huanza upya. Hozi mpya ilikuwa shilingi 5,000.

Aliifungua na ile valvu, akakuta skrubu ya kurekebishia sailensi imekazwa hadi mwisho ili kuuficha ugonjwa kwa siku moja. Valvu ilikuwa imepuliziwa rangi ya fedha. Tulipoikwangua kidogo chini ya kitako chake ikatokea nukta nyekundu ya rangi ya kucha ya mke wangu, niliyoiweka kwa mkono wangu siku niliposafisha throtoli, mlango wa hewa ya injini, nisije nikaifunga kinyume.

Nawasihi, msikubali kuambiwa valvu imekufa kabla hozi hazijabanwa moja moja na throtoli haijasafishwa, na msiondoke kwenye gari lenu hata kwa chai. Wekeni alama kwenye kipuri kabla hakijafunguliwa, kisha kile cha zamani kiwe mkononi mwenu kabla hamjalipa. Boksi jipya lisiwape imani, maana na langu lilikuwa jipya kabisa. Daini pia risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, inayotaja kipuri kwa jina, kwa sababu mimi nilipewa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu, na muuzaji sasa anaikana.

Malalamiko yangu nayapeleka Tume ya Ushindani. Yeyote aliyefungiwa valvu yenye rangi ya fedha katika miezi hii asiisafishe wala kuitupa, bali aifungue akiwa na fundi mwingine, aipige picha pande zote, na atunze boksi lake, ili tuwasilishe kwa pamoja.