TAHADHARI: Wakala anayeuza "akaunti ya benki ya Marekani" kwa watangazaji wa mtandaoni Uganda

Kuna mtu anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram ya sisi tunaoendesha matangazo ya biashara mtandaoni hapa Kampala, na sasa amefika hadi Arua, Mbarara na Busia. Anauza "akaunti ya biashara Marekani". Jina na namba hubadilisha kila mara, lakini maneno ni yale yale: huhitaji kusafiri, huhitaji viza, siku tatu akaunti mkononi, unalipa kwa mobile money. Watu aliowaliza nawafahamu, na wengine ninafanya nao kazi. Mmoja amenipa ruhusa nisimulie yaliyomkuta bila kumtaja. Kama uko kwenye mazungumzo naye sasa hivi, soma hadi mwisho kabla hujatuma hata shilingi.

Niseme wazi kwanza: kampuni ya Marekani inayomilikiwa na mtu asiyeishi kule si uongo. Mtu anaweza kukaa zake Ntinda na kusajili LLC (aina ya kampuni ya Marekani) kwenye jimbo la Wyoming au Delaware kihalali kabisa. Ndiyo maana huyu tapeli anaaminika. Na shida anazozitaja ni zetu kweli. Stripe, mfumo wa kupokea malipo mtandaoni, haipokei biashara zilizosajiliwa Uganda. Kadi zetu hukataliwa kampeni ikiwa katikati. Facebook ilipofungwa Januari 2021, watu walizoea kuingia kwa VPN, programu inayoficha uko nchi gani, ili tu wafanye kazi yao, na mifumo ya malipo ikaanza kuwashuku kabla hawajakosa chochote. Mteja wa Ulaya ukimwambia atume pesa Kampala, anasitasita. Akitokea mtu wa kukuambia kwamba akaunti moja itamaliza yote hayo, utamsikiliza. Yeyote angemsikiliza.

Kijana ninayemzungumzia anaendesha matangazo ya kampuni ndogo za utalii. Alimkuta wakala kwenye grupu, na chini ya tangazo kulikuwa na watu wanashukuru: "nimepata yangu", "mungu akubariki kaka". Alilipa shilingi milioni 1 na laki 7. Akaombwa picha ya pasipoti, kitambulisho cha taifa pande zote mbili, video akiwa ameshika pasipoti huku anageuza kichwa, na namba ya siri iliyoingia kwenye simu yake kwa meseji. Siku iliyofuata akapokea PDF yenye muhuri wa jimbo la Wyoming na namba ya EIN, ile namba ya kodi ya kampuni. Halafu ikaja skrinshoti ya akaunti yenye jina la kampuni yake.

Malipo ya kwanza ya mteja yaliingia. Wakala akamtumia pesa yake kwenye simu, akikata kidogo, akisema kadi ya benki bado iko njiani. Hapo ndipo aliponasa. Aliwapa wateja wake wote akaunti ile. Malipo makubwa yalipoingia, zaidi ya dola 4,000, wakala akasema benki imeizuia kwa uhakiki na inataka amana ya dola 800 ili iachie. Akalipa. Ikaja "kodi ya jimbo". Akakopa, akalipa. Kisha namba ikazimwa.

Aliiandikia benki mwenyewe. Jibu lilikuwa fupi: hatuwezi kuzungumzia akaunti hii na wewe, kwa sababu wewe si mtu tuliyemsajili.

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike. Pesa haikuibiwa siku yalipoingia malipo makubwa. Iliibiwa siku ya kwanza, kampuni ilipofunguliwa kwa jina na barua pepe za mtu mwingine. Ni sawa na kununua kiwanja Gayaza, ukajenga, ukahamia, na hati iko kwa jina la dalali.

Sasa angalia namba ya EIN, kwa sababu hapo ndipo uongo wake unapoonekana mapema. EIN hutolewa na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, na ni bure. Fomu yake inaitwa SS-4. Mtu asiye na namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani, na ambaye biashara yake iko nje, hawezi kuipata papo hapo kwenye tovuti yao. Anaomba kwa simu, kwa faksi au kwa barua. Kwa simu unaweza kupewa namba mkiwa bado mnaongea, lakini anayepiga lazima awe mwenye kampuni, au mtu ambaye mwenye kampuni amemteua kwa saini yake kwenye fomu. Kwa faksi na barua, unasubiri. Kwa hiyo mtu akikuletea EIN kesho yake asubuhi wakati wewe hujasaini SS-4 yoyote, jiulize namba ya nani imetumika. Mara nyingi ni karatasi ya kughushi, namba imebuniwa. Na kama namba ni ya kweli, basi ameijaza kwa hati za mtu mwingine, na mbele ya IRS huyo mtu ndiye mhusika mkuu wa kampuni. Wewe hupo.

Mdai nakala ya SS-4 yenyewe. Isome mstari wa 7a: jina linaloandikwa pale linatakiwa kuwa lako, kama lilivyo kwenye pasipoti. Mdai pia mkataba wa uendeshaji wa LLC unaokutaja wewe kuwa mmiliki. Hili ni muhimu kwa sababu Wyoming na Delaware haziweki majina ya wamiliki hadharani. Daftari lao litakuonyesha tu kama kampuni ipo, ilisajiliwa lini, na wakala wake wa kupokea barua ni nani. Kutafuta kwenye daftari hilo ni bure na hakuhitaji akaunti. Tafuta. Wapo waliopewa cheti kizuri chenye muhuri, na kampuni ilipotafutwa haikuwepo kabisa.

Bei nazo zinamuumbua. Kusajili LLC Wyoming ni dola 100 kwa jimbo, New Mexico ni dola 50. Juu ya hapo unamlipa kila mwaka yule wakala wa kupokea barua za kampuni. Wyoming hutaka ripoti ya mwaka kuanzia dola 60. Delaware hutoza kodi ya dola 300 kila mwaka, mwisho tarehe 1 Juni. Anayekufanyia kazi ana haki ya kulipwa jasho lake, sibishi. Lakini huyu anauza "ada ya EIN" dola 150, na "ada ya kusajili wamiliki kwa FinCEN", kitengo cha Marekani cha kupambana na uhalifu wa fedha, wakati kampuni zilizoundwa ndani ya Marekani ziliondolewa wajibu huo Machi 2025. Anakutoza kwa kitu cha bure na kwa kitu ambacho hakidaiwi.

Na kinachodaiwa kweli hakitaji. LLC ya mtu mmoja asiye Mmarekani inatakiwa kupeleka fomu 5472 kwa IRS kila mwaka ambao pesa imepita kati yake na mmiliki wake, hata kama haidaiwi kodi yoyote. Mtaji ulioweka na pesa uliyotoa vinahesabiwa. Usipoipeleka, faini inaanzia dola 25,000. Kuna watu hapa wana kampuni halisi waliyofunguliwa miaka miwili iliyopita, wameisahau, na hawajawahi kuisikia fomu hiyo. Kama ni wewe, mtafute mhasibu anayejua kodi za Marekani mwezi huu huu.

Huyu jamaa ana bidhaa ya pili, na kwangu hiyo ni mbaya zaidi: akaunti "iliyokwisha thibitishwa", ya mtu mwingine, unayonunua na neno lake la siri. Anakwambia benki za nje hazikubali jina la Mganda kwa sababu Uganda iko kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachofuatilia nchi zenye udhaifu wa kuzuia utakatishaji fedha. Huo ni uongo. Uganda iliwekwa kwenye orodha hiyo Februari 2020 na ikaondolewa Februari 2024. Benki kukataa nchi fulani kunatokea, kila taasisi ina sera yake, lakini dawa yake si kujificha nyuma ya jina la mtu. Akaunti hizo zimefunguliwa kwa hati za watu ambao hawajui, au waliouza utambulisho wao kwa pesa kidogo. Zikipitisha pesa ya wizi kabla yako au baada yako, wewe ndiye uliyeingia kwa simu yako. Mbele ya sheria yetu ya kuzuia utakatishaji fedha ya 2013, kusema tu kwamba uliinunua Telegram kwa nia njema huenda kusikutoshe.

Fikiria pia upande wa pili: ile pasipoti na ile video ya kugeuza kichwa ulizomtumia wewe. Hiyo video ndiyo hasa mifumo ya benki huomba kuthibitisha kwamba mtu yupo hai. Ukishampa, wewe ndiye bidhaa inayofuata.

Tena anakufundisha kusema uongo. Washa VPN, sema unaishi Texas, hii hapa bili ya umeme yenye jina lako. Sisi wa Kampala tunaijua Nasser Road, mtaa wa wachapaji unaosifika kwa hati za kughushi, hatuhitaji kuambiwa karatasi nzuri hutengenezwa vipi. Kuidanganya benki ili ikufungulie akaunti ni kosa la jinai Marekani, na hata usipofikishwa mahakamani, benki ikigundua hufunga akaunti na kushikilia pesa wakati inachunguza. Ukiulizwa utajieleza vipi, na anwani yako uliyoiandika ni ya uongo? Watangazaji hunaswa mapema kuliko wengine, kwa sababu Google hutaka utambulisho wako ulingane na wasifu wa malipo, na nchi ya wasifu huo ukishaichagua haibadilishwi. Akaunti ya matangazo ikifungwa, na kazi ya wateja wako imekwenda nayo.

Hata walio halali wana hatari zake. Kampuni nyingi zinazofungulia watu wa nje akaunti mtandaoni si benki. Zinasimama juu ya benki. Kampuni ya kati iitwayo Synapse ilipofilisika 2024, maelfu ya watu Marekani kwenyewe walikaa miezi bila kugusa pesa zao, na msimamizi wa mufilisi akakadiria kwamba kati ya dola milioni 65 na 96 hazionekani. Bima ya FDIC, ile ya amana za benki za Marekani, haikuwasaidia, maana inalipa benki inapoanguka, si kampuni iliyo katikati. Usiache huko pesa ya mshahara wa watu.

Nasikia ameanza kuuza Uingereza na Estonia pia. Uingereza, tangu 18 Novemba 2025, wakurugenzi lazima wathibitishwe utambulisho na Companies House, msajili wa kampuni wa kule, na kupewa namba yao binafsi. Atakuomba namba hiyo, usimpe. Estonia, kadi ya ukaazi wa kidijitali unaichukua wewe mwenyewe kwa alama za vidole, na haiji na akaunti ya benki. Anayekuuzia vyote viwili kama kifurushi anadanganya.

Wengi wanaomfuata huyu wanahitaji tu kupokea dola. Dola zinapokelewa hapa hapa. Uganda ilifungua milango ya fedha za kigeni tangu 1997, na benki za Kampala hufungulia kampuni akaunti ya dola inayopokea malipo ya SWIFT, yaani yanayotumwa kutoka benki za nje. Sajili kampuni URSB, ofisi ya usajili wa biashara, chukua TIN (namba ya mlipakodi) ya URA ambayo ni bure, nenda benki na mkataba wa mteja mkononi. Google AdSense hulipa watu wa Uganda moja kwa moja benki. Payoneer, huduma ya kupokea malipo ya nje, nayo huwapokea watu wa hapa kwa pasipoti yao wenyewe. Ada zinauma, na foleni ya benki inachosha, najua. Lakini siku ukigombana na benki, jina lililoandikwa pale ni lako na meneja ana ofisi unayoweza kuingia.

Kama umeshamlipa: ikiwa ni leo au jana, pigia kampuni ya simu sasa hivi uombe wazuie pesa kwenye namba iliyopokea, halafu nenda kituo cha polisi kilicho karibu ufungue shauri na uchukue namba ya SD (ya daftari la kituo), maana bila hiyo hawataendelea mbali. Waombe wakuelekeze kitengo cha makosa ya mtandao cha CID, idara ya upelelezi, Kibuli. Beba meseji zote bila kufuta hata moja, pamoja na sauti alizokutumia. Kama alipata pasipoti na video yako, peleka malalamiko pia kwa ofisi ya ulinzi wa data binafsi, chini ya sheria ya 2019, na uiandikie benki aliyoitaja useme kwa maandishi kwamba hati zako zimetumika bila idhini. Wateja wako waambie leo hii waache kutuma kwenye akaunti ile, hata kama ni aibu kuwaambia.

Na kuna anayewapigia simu walioibiwa akijitambulisha kuwa wakili wa kurejesha pesa Marekani, kwa ada ndogo ya kuanzia. Yule kijana alipigiwa wiki chache baadaye, na mpigaji alikuwa anajua kiasi kamili alichopoteza. Kiasi hicho kilijulikana na mtu mmoja tu mbali na yeye na benki. Kata simu, na namba hiyo ipeleke kwenye shauri lile lile.