Redio za mtandao usio na mnara: tulivyozijaribu Kilindini

Redio nne tulizonunua hazihitaji mnara wala kituo kikuu, kwani kila moja hupokea ujumbe wake na kupitisha wa jirani, hata vyombo viwili visivyoonana vikaweza kuzungumza kupitia cha tatu. Tulizifunga kwenye mashua nne: moja ilikaa upande wa ndani wa kivuko cha Likoni, mbili zikaachana kidogo karibu na Ras Serani, na ya nne ikatia nanga mbele ya Nyali, ambako kisiwa kizima cha Mombasa kiliikinga na ile ya kwanza.

Sauti ilipita safi. Video ndiyo iliyotuangusha, kwa sababu redio hizi hupokea na kupitisha kwa chaneli ileile, na kila ujumbe unaopitia chombo kimoja njiani hupoteza takriban nusu ya kasi yake.

Jaribio lililonifunza zaidi hatukulipanga. Feri ilikatiza mbele ya mashua ya ndani, chuma chake kikaziba mawimbi ya redio, na sauti ya nahodha ikakatika katikati ya neno. Ilirudi baada ya sekunde kadhaa, ikipitia mashua nyingine. Redio hizi hutumia itifaki (kanuni za kupitisha ujumbe) ya OLSR ya mwaka 2003, inayoweka njia tayari wakati wote, ambayo kwa mipangilio yake ya kawaida hutuma salamu, yaani ujumbe mfupi wa kuwajulisha majirani kwamba ipo, kila sekunde 2 na humhesabu jirani kuwa ametoweka akinyamaza kwa sekunde 6. Mvuvi hatajali, lakini kwa manowari zilizo katika msafara, huo ni muda mrefu, tena salamu zenyewe humfichulia adui mwenye kipokezi kwamba mpo. Itifaki ya AODV, inayotafuta njia pale tu panapokuwa na ujumbe, ina kelele chache, ila ujumbe wa kwanza huchelewa.

Umbali ulioandikwa kwenye sanduku usiutegemee. Antena mbili zilizo mita 4 juu ya maji huonana kwa takriban kilomita 16, na ukitaka kuongeza umbali huo maradufu itakubidi uinue zote mbili mara nne, jambo ambalo mlingoti wa mashua hauruhusu. Wakati wa kusi, chombo kikienda mrama, antena nayo hulala na mawimbi ya redio hudhoofika.

Viungio vya antena vilishika kutu kabla ya mwezi kwisha, na muuzaji akatuambia kwamba dhamana haihusu maji ya chumvi. Tumevibadilisha kwa gharama yetu, na redio za VHF, zile za kawaida za baharini, zimebaki palepale, zikisikiliza chaneli 16, ile ya dharura na wito.