Funny Games: ya 1997 au ya 2007?

Mwongozaji Michael Haneke aliitengeneza filamu hii ya kutisha mara mbili: Austria mwaka 1997 kwa Kijerumani, kisha Marekani mwaka 2007 kwa Kiingereza, karibu picha kwa picha. Kijana mwenye glavu nyeupe anafika kwenye nyumba ya mapumziko kando ya ziwa, anaomba mayai manne, yanavunjika, anaomba mengine. Simu nayo inatumbukia kwenye sinki lenye maji. Kinachotisha ni adabu yake: mama mwenye nyumba anakosa sababu ya kumfukuza mpaka maji yamezidi unga.

Tofauti iko kwa waigizaji. Susanne Lothar, mama wa 1997, anaonekana mtu wa kawaida kabisa, na uso wake unachakaa mbele ya macho yako. Naomi Watts, mama wa 2007, ni hodari, lakini umaarufu wake unakupa tumaini kwamba ataokoka. Kuna pia kijana wa pili, mwenzake yule wa mayai: Arno Frisch (1997) akigeuka kuitazama kamera, ana ubaridi kuliko Michael Pitt (2007).

Damu nyingi humwagika nje ya picha, hivyo sauti ndiyo inayobeba hofu, vaa hedifoni. Kama kusoma tafsiri kwenye skrini kunakupotezea nyuso, chukua ya 2007. La sivyo, ya 1997. Usizifuatanishe: tukio la rimoti hushtua mara moja tu.