Scala kwa sisi tuliotoka Java: nimeitumia, haya ndo niliyoyaona

Wakuu, nina mwaka na ushee na Scala, lugha ya kuandikia programu, baada ya miaka mingi ya Java, lugha nyingine ya kazi hiyohiyo, na leo nataka kuigusa upande mmoja tu, jinsi ya kupanga klasi (ramani za kuundia objekti, yaani vifurushi vya data na kazi zake), maana hapo ndo wengi tunakwama. Lugha ni ya Martin Odersky, ilitoka 2004, inakimbia kwenye JVM ileile (mashine pepe inayoendesha programu za Java) kwa hiyo maktaba zako za Java zinafanya kazi kama kawa, na mtego uko hapohapo, unaweza kuandika Java tupu ukaivalisha nguo za Scala na kompaila (programu inayokagua na kutafsiri unachoandika) isikuulize kitu.

Mimi nilifanya hivyohivyo. Kila fildi (data ndani ya objekti) ni var, yaani inabadilika, geta na seta za kuisoma na kuibadilisha juu, null (yaani hakuna kitu) kila kona, halafu nashangaa watu wanasifia nini.

Kilichonizindua ni kituko kimoja. Nilikuwa na case class (klasi ya Scala ya kubebea data) ya bidhaa, bei nikaiweka var, nikaitia objekti kwenye HashSet (seti inayopanga vitu kwenye ndoo kwa namba iitwayo hashi), mbele huko nikabadilisha bei, nauliza kama imo naambiwa haimo, nikichapisha seti nzima naiona hiyo hapo inanitazama! Nusu siku imeenda. Kumbe case class inajiundia equals (ya kulinganisha objekti) na hashCode (ya kutoa hashi) kutokana na vitu ulivyovitaja kwenye mabano baada ya jina lake, sasa ukigeuza kimoja hashi nayo inageuka, seti inaenda kutafuta kwenye ndoo nyingine kabisa. Tangu hapo ni val tu, yaani fildi isiyobadilika, nikitaka bei mpya naita copy(bei = 500) napata objekti nyingine, ya zamani inabaki vilevile hata kama thredi kumi (kazi zinazokwenda kwa pamoja) zinaisoma.

Kitu kingine nilichokipenda ni sealed trait, yaani aina ya kurithiwa (trait) iliyofungwa, warithi wake wote wanakaa faili moja. Hali za oda naziandika faili moja, Imepokelewa, Imetumwa, Imefutwa, kesho nikiongeza Imerudishwa kompaila inanionya kila match (sehemu inayochagua la kufanya kwa kila hali) niliyoisahau. Kwenye Java ya zamani hiyo ningeijua mteja akishalalamika. Static (vitu vya klasi visivyohitaji objekti) hakuna, zile kazi za kuunda objekti unaziweka kwenye object yenye jina sawa na klasi, mimi huwa nafunga konstrakta (kinachounda objekti) kwa private ili isiitwe kutoka nje, halafu kazi ya kukagua inarudisha Option (ama objekti ama hakuna), basi, objekti mbovu haizaliwi. Na case class kurithi case class nyingine kompaila inakataa kabisa, mwanzoni nilinuna ila ukifikiria equals itakavyochanganyikiwa unaona wako sahihi.

Sasa lawama. Ukiweka val ndani ya trait na nyingine inaitegemea, mpangilio wa kuanzishwa unaweza kukupa null mchana kweupe, dawa ni lazy val (inahesabiwa ikihitajika mara ya kwanza) au def (inahesabiwa kila ikiitwa), ila nani angejua? Halafu tangu Scala 3 ije 2021 implicit (vitu ambavyo kompaila inakujazia yenyewe) zimegawanywa kuwa given na using, kwa hiyo ukisoma kodi za watu (sio ile ya nyumba) ni kama lahaja mbili. Na kama unachotaka ni klasi fupi ya kubebea data tu, Java 16 ina record na 17 ikaleta sealed, usijitese kuhama.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Ile moja nimeikata kwa uzito wa kompaila, na hata haya nimeyaandika yote nikiwa naisubiri imalize.